Shepu ya kwenye simu na vidonge vya kunenepa

Hapa Mwanza binti anaweza kusemwa kwa wembamba na kwa unene ndani ya wiki moja. Shangazi akija kutoka Sengerema humshika mkono na kuuliza, "Mbona umeisha hivi, unaumwa?" Usiku, akifungua simu, anakutana na wanamitindo wembamba kama ufito, na video inayofuata ina mwanamke wa namba nane: kiuno cha nyigu, makalio yamejaa. Hakuna mwili unaoweza kuwaridhisha wote hao. Wengi tunaowapokea katika huduma za lishe wameshajaribu.

Picha nyingi kati ya hizo zimepunguzwa hapa na kuongezwa pale kwa programu ya simu. Ufaransa iliona jambo hili ni zito kiasi cha kulitungia sheria. Tangu Oktoba 2017, tangazo la biashara lenye mwanamitindo ambaye umbo lake limerekebishwa lazima liandikwe hivyo. Norway nayo ilianza utaratibu wa aina hiyo mwaka 2022, na inawagusa hata wanaolipwa kutangaza bidhaa mitandaoni.

Tusidhani haya ni matatizo ya Wazungu. Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, mwili mnene ulikuwa wa kujivunia kama kwetu. Televisheni ilipofika eneo la Nadroga mwaka 1995, watafiti wakiongozwa na Anne Becker waliwahoji wasichana wa sekondari, wakarudi tena mwaka 1998 kuhoji kundi jingine katika shule zile zile. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa takriban 11 kati ya kila 100. Miaka mitatu tu ya televisheni, na simu janja zilikuwa bado.

Kwetu shinikizo linavuta pande mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na 10 wana uzito pungufu. Wapo wanaotaka kupungua na wapo wanaotaka kujazia, na wote wanauziwa kitu.

Kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya kunenepa. Kimoja kinachotumika sana ni deksamethasoni, dawa nzuri na muhimu inapoandikwa na daktari kwa ugonjwa unaoihitaji. Mwenye afya akiimeza kila siku, njaa inaongezeka, maji yanabaki mwilini, na mafuta yanajikusanya usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mikono na miguu ikipungua. Binti alitaka makalio, amepata mashavu na kitambi. Hakuna kidonge kinachoyaelekeza mafuta yaende nyonga. Sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, na kinga ya mwili hushuka. Kingine ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi mzito, jambo la hatari kwa mtu anayeendesha bodaboda au kusimama jikoni penye mafuta ya moto.

Upande wa pili kuna majani ya "kukata tumbo". Mengi yana sanamaki, inayoharisha. Mizani inashuka kwa sababu maji yametoka, mafuta yamebaki palepale. Kuharisha siku nyingi hupunguza madini ya potasiamu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Baadhi ya bidhaa za kupunguza uzito zimewahi kukutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu.

Kama unataka kujua hali yako, acha picha, chukua kamba. Ikate sawa na urefu wako kuanzia utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, na hapo ni vyema ukapime presha na sukari. Kipimo hiki si cha mjamzito. Kwa walio wengi mabadiliko huanzia kwenye sahani: dagaa au sato wa kuchemsha badala ya kukaangwa, ugali upungue na mboga iongezeke, soda iwe ya siku moja moja. Aliyepungua bila sababu naye asipongezwe kwa wembamba. Apimwe kifua kikuu, sukari na VVU.

Wewe ambaye umeshatumia vidonge vya kunenepa kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla leo. Deksamethasoni huzifanya tezi zilizo juu ya figo zipunguze kutengeneza homoni ya mwili yenyewe, na ukiikatisha ghafla unaweza kutapika, presha ikaanguka, ukazimia, hata kupoteza maisha. Nenda kituo cha afya au hospitali ukiwa na pakiti au vidonge vilivyobaki, mwonyeshe daktari, akupangie namna ya kupunguza dozi taratibu. Kama umeshaacha na unasikia kizunguzungu, kichefuchefu au mwili kuishiwa nguvu, nenda sasa hivi.