Wanafunzi wanaokwenda uwandani kupima hali ya hewa: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: uwandani panataka wenye misuli.

Orodha ya kazi ikiandikwa kwa uaminifu, misuli huchukua mistari miwili. Iliyobaki ni ya anayetabiri mawingu yatajikusanya wapi, anayeongoza magari kwa redio, na anayekagua data kila jioni ili kosa la leo lisirudiwe kesho. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anaweza kuwa ndiye anayewaambia wenye miguu waelekee wapi. Ila kuna mtego: viongozi wengine, kwa huruma tu, humbakiza kambini mtu ambaye angefika kituoni kama kituo kingesogezwa karibu na barabara. Aulizwe mwenyewe, tena mapema, kabla ramani haijachorwa.

Na si kila tofauti huonekana. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanaume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Kwingineko huwa wachache zaidi, lakini wapo. Halafu sisi tunafunga utepe mwekundu kwenye kifaa kibovu na wa kijani kwenye kizima! Fundo moja kwa kizima, mawili kwa kibovu, na hakuna anayelazimika kujieleza mbele ya watu.

Dhana: mwongozo umeshatumwa, watausoma njiani.

Kwenye karatasi, kurusha puto la hali ya hewa ni jambo jepesi. Sasa lijaze heliamu: linakuwa kubwa la kukumbatia, upepo unalivuta, na mpira wake ni mwembamba kiasi kwamba pete ya kidoleni yaweza kuliharibu. Mmoja ameshika shingo ya puto. Wa pili ameshika radiosondi, kile kisanduku kinachopima joto na unyevu. Wa tatu yuko kwenye kompyuta, anasubiri ishara za setilaiti zinaswe. Wa kwanza akiachia kabla wa tatu hajasema "tayari", kisanduku kinaweza kupaa kikiwa bubu, na hakirudishwi. Mambo yakienda sawa, puto hupanda mita 5 hivi kwa sekunde na kupasuka karibu kilomita 30 juu. Hiyo ni zaidi ya saa moja na nusu ya vipimo, kwa sababu watu watatu walisubiriana kidogo.

Hilo halisomwi, linafanyiwa mazoezi: nyuma ya maabara, gizani, mikono ikiwa na glavu, na betri moja iliyokufa ikiwa imechomekwa makusudi. Kila mmoja ashike kila nafasi. Mazoea ya kumpa msichana daftari na mvulana nyundo huanzia hapa hapa. Aliyeshika kalamu siku ya kwanza ataishika hadi siku ya kufunga mizigo, zamu zisipoandikwa. Na daftarini, kisichopimwa kiandikwe "hakikupimwa", kisiwekewe sifuri.

Dhana: sisi ni familia, kanuni za mwenendo za nini?

Mwaka 2014 jarida la PLOS ONE lilichapisha uchunguzi wa watu 666 waliofanya kazi za uwandani. Asilimia 64 walisema walinyanyaswa kijinsia, na zaidi ya asilimia 20 walishambuliwa kijinsia. Walengwa wengi walikuwa wanafunzi na wanaoanza kazi. Wachache walijua pa kushitaki. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo tarakimu hizo si kipimo cha kila kambi. Lakini tazama kambi ilivyo: kiongozi ndiye mwenye funguo za gari, simu ya setilaiti na alama za mwisho wa muhula. Mwanafunzi anahitaji jina la mtu asiyekuwepo kambini, simu asiyoiombea ruhusa, na nauli ya kuondoka.

Dhana: choo watajijua.

Pasipo faragha, wengi, hasa wanawake, hupunguza kunywa maji. Juani, hapo unatafuta mgonjwa. Hema dogo la choo liingie kwenye bajeti pamoja na vihisi.

Dhana: atakayelipia safari mwenyewe atarudishiwa.

Mwenye akiba atarudishiwa. Asiye nayo hakujaza hata fomu ya kuomba kwenda, na hutajua umemkosa nani.

Dhana: usiku bila usingizi ni ushujaa.

Mtu aliyekesha saa 17 hadi 19 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Huyo ndiye mnayemwachia usukani.

Dhana: mkubwa ndiye anayesimamisha kazi.

Ngurumo ikifuata umeme ndani ya sekunde 30, radi iko kilomita 10 hivi au karibu zaidi. Watu waingie garini, na wangoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Anayehesabu sekunde hizo mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana wakubwa wamekodolea skrini. Siku ya mazoezi, basi, yeye ndiye aseme "simama", profesa akiwa ameshika puto lililojaa, na profesa aliweke chini.