Dhana potofu kuhusu sisi tunaofundisha utawala wa umma

Mwezi uliopita, kwenye semina ya wakuu wa idara wa halmashauri moja, niliulizwa tena: “Profesa, wewe umefanya kazi nchi za watu. Si utuletee tu ule mfumo wao?” Swali hili huulizwa na wakubwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na linanikera kwa sababu limeshatugharimu.

Mfumo hauhami peke yake. Chukua mikataba ya utendaji. Mwaka 2004 Kenya ilianza kuisainisha kwa mashirika 16 ya umma. Mwaka huohuo, kwa Waraka wa Utumishi Na. 2, Tanzania ikaleta OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kwa fomu, kwa watumishi wake. Mwaka 2006 Rwanda ikaja na imihigo, mameya wa wilaya wakisaini mbele ya Rais. Wazo ni moja: ahidi malengo, upimwe mwisho wa mwaka. Lakini imihigo ni neno la kwao la tangu zamani, la kuweka nadhiri mbele ya watu, na meya alijua wilaya zingepangwa hadharani, ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwetu fomu ya OPRAS iliishia masijala. Nimewahi kufungua jalada la afisa ugani mmoja: miaka mitatu mfululizo lengo ni “kutembelea wakulima 200”, maneno yaleyale mpaka kosa la tahajia. Fomu zote tatu zilisainiwa siku moja kwa kalamu moja, kwa kuwa muda wa kupanda daraja ulikuwa umewadia. Msimlaumu. Bosi aliyesaini naye hakuwa na uwezo wa kumwahidi hata lita moja ya mafuta ya pikipiki. Fedha za matumizi mengineyo, yaani za kuendeshea kazi, zinasubiriwa kutoka Hazina, na zikiingia Aprili, msimu wa kupanda umeshapita. Huo ni mkataba wa upande mmoja. Sasa tuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi kwenye kompyuta, nami kila nikialikwa naanza na swali lilelile: fedha za robo ya kwanza ziliingia lini?

Eti utawala wa umma ni kozi ya waliokosa nafasi ya kusoma sheria? Anayehitimu kwangu anasoma kitabu cha bajeti, anajua taratibu za ununuzi na ajira, na anaandika dokezo ambalo katibu mkuu halirudishi.

Eti ni nadharia tupu? Mzumbe yenyewe, chuo kikuu kinachojulikana kwa fani hii, ilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa. Fani hii imetoka ofisini.

Na wale wanaodhani uzoefu wa kimataifa ni Geneva na New York: miaka yangu ya nje, vikao vya wilaya nilivyohudhuria nikiwa nimekaa viti vya nyuma vilinifunza kuliko mikutano yote ya hotelini.

Kijana unayetaka njia hii, kabla ya kutafuta ufadhili nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji chenu. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ndicho chombo cha juu kabisa kijijini, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Hudhuria minne. Omba muhtasari wa uliopita, sikiliza kama mapato na matumizi yamesomwa, tazama nani anauliza na nani anajibiwa. Andika ulichokiona, kisha njoo ofisini kwangu tuzungumze habari ya ufadhili.