Je, wajua kwanini kuna watu wanaajiriwa kupima makalavati kwa ajili ya samaki?

Mdogo wangu anasoma biolojia chuoni, juzi akanionyesha tangazo la kazi la huko Marekani, jimbo la Washington. Kibarua cha msimu, ngazi ya chini kabisa kwa mtu aliyemaliza chuo hivi karibuni, na kazi yenyewe ni kufuata vijito kwa miguu unapima mabomba yanayopita chini ya barabara ili ijulikane samaki anapita au hapiti. Akaniuliza, "kaka, maji si yanapita? Sasa samaki anashindwaje?"

Swali zuri sana na jibu lake tunalo hapahapa Tanga, kama umewahi kupanda gari kutoka Muheza kwenda Amani umepita juu yake mara nyingi tu.

Kijito kikiwa huru maji yake hayaendi spidi moja, yanagonga jiwe yanazunguka, pembeni yanapoa, chini ya mizizi yanatulia kabisa, na samaki anapanda kwa kuvizia hizo sehemu tulivu, anasogea kidogo anapumzika anasogea tena. Sasa wewe njoo uweke kalavati, bomba jembamba la zege au la bati, ndani laini halina jiwe wala kokoto. Maji yaleyale yaliyokuwa yametanda mita tatu unayabana yapite kwenye mita moja, lazima yakimbie. Yakitoka upande wa pili yanatoka na hasira yote ile yanachimba. Masika ya kwanza yanachimba kidogo, vuli inaongeza, baada ya miaka kadhaa sakafu ya kijito imeshuka lakini bomba liko palepale lilipowekwa, kwahiyo mdomo wake unabaki unaning'inia hewani na chini yake pana dimbwi. Watoto wanalipenda hilo dimbwi maana lina kina kizuri cha kuogelea. Samaki akifika pale ndio mwisho wa safari yake, na hata akibahatika kuingia bombani anakutana na maji yanayomkimbiza hamna pa kujishika, na kiangazi anakuta maji membamba hayamfuniki hata mgongo.

Unaweza kusema si abaki tu hukohuko chini, mto ni mto. Hapana, na hapa ndo panaponiuma.

Chukua mkunga, yule wa mtoni. Watu wengi hawajui kwamba mkunga wa mtoni anazaliwa baharini, mbali huko Bahari ya Hindi, halafu anakuja pwani akiwa mdogo kama kidole, mwili mweupe unaona mpaka ndani kama kioo. Anaingia mlangoni mwa mto, Pangani, Zigi, Wami au Ruvu, anaanza kupanda. Anakaa huko juu miaka mingi anakula anakua, kisha siku moja anashuka kurudi baharini kuzaa, mara moja tu, na anakufa. Maisha yake yote yanategemea njia iwe wazi kwenda na kurudi. Kamba wa mtoni nao hivyohivyo kwa namna yao, vifaranga vyao vinahitaji maji ya chumvichumvi ya huku chini kisha wakishakua kidogo wanapanda wenyewe kurudi maji baridi. Hao wawili ni wapandaji hodari kweli, mkunga mchanga anaweza kupanda jiwe lililolowa anajibandika tumbo, lakini awe na kitu cha kujibandika. Mdomo wa bomba unaoning'inia hauna ukuta wa kupanda, kuna hewa tu.

Mabwawa makubwa kila mtu anayaona, Hale na Pangani kwenye umeme, Mabayani kule Zigi ambako jiji la Tanga linapata maji, na ni kweli bwawa ni kikwazo kikubwa kwa samaki. Ila mabwawa yanahesabika, makalavati ni mengi mno na yako mpaka kwenye vijito ambavyo havina jina kwenye ramani, na hayo hamna anayeyaangalia kwa jicho la samaki. Ndo maana kule Washington wakaona lazima watu waende kwa miguu.

Wao kilichowasukuma ni kesi. Samaki wao ni samoni, anazaliwa kijitoni, anaenda kukulia baharini, anarudi kuzaa kwenye kijito kilekile kwa kufuata harufu ya maji ya kwao. Mwaka 1854 na 1855 makabila ya wenyeji yalisaini mikataba ya kuachia ardhi huku yakibaki na haki ya kuvua. Mwaka 2001 makabila 21 yakaenda mahakamani, yakasema haki ya kuvua ina maana gani kama makalavati ya barabara za serikali yanazuia samaki asipande? Mwaka 2013 jaji akaamuru jimbo liyarekebishe, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikagawanyika majaji 4 kwa 4, kwahiyo ile amri ikasimama. Nikiisoma hii kesi huwa naisoma taratibu, maana hoja yenyewe ni ya mvuvi yeyote wa Bagamoyo au Kigombe, unaniambia nivue wakati umefunga mlango anaopitia samaki.

Sasa kazi yenyewe ikoje. Mnakwenda wawili, suruali za mpira mpaka kifuani, futi ndefu, leveli na fimbo yake ya vipimo, jipiesi, tableti ya kujazia fomu. Mnapima urefu wa bomba, kipenyo, upana wa kijito mbali na barabara pale ambapo bomba halijakivuruga, kina cha dimbwi, mnapiga picha juu na chini. Halafu vile vipimo viwili vyenye uamuzi: maji yanaanguka kiasi gani pale mdomoni, na bomba limelala kwa mteremko gani. Kwa utaratibu wao anguko la sentimita 24 tu linatosha kuitwa kizuizi, na bomba tupu lisilo na kokoto ndani likiwa na mteremko wa asilimia 1 nalo linahesabiwa kizuizi. Yaani chukua bomba la mita 12, mlango wa juu umepanda sentimita 18 kuliko wa chini, hiyo ni asilimia 1.5, tayari limefeli, na wewe ukisimama barabarani unaliona limenyooka kabisa. Jicho halitoshi, ndo maana analipwa mtu.

Na kwanini kibarua cha msimu, si cha kudumu? Kwasababu kule wanapima zaidi kiangazi maji yakiwa chini, mtu anaweza kuingia bila kusombwa, na vipimo vyenyewe ukifundishwa wiki chache unaviweza, kinachotakiwa ni uvumilivu, kuandika namba sawasawa kalavati la arobaini kama ulivyoandika la kwanza, na kutokuogopa vichaka. Namba zako zikikaa vizuri injinia anajua aanze na lipi, maana huwezi kubomoa barabara zote.

Dawa zipo za aina nyingi, bora kuliko zote ni daraja au kalavati pana lililozamishwa chini ya sakafu ya kijito ili kokoto zilale ndani. Lakini New Zealand wana kitu rahisi nimekipenda, wanapitisha ndani ya bomba kamba zenye manyoya zile wanazofugia kome, na samaki wadogo mpaka kamba wa maji baridi wanazishika wanapanda nazo. Kamba anapanda kamba. Hii Tanga tunaiweza.

Jumapili iliyopita tulienda mimi na mdogo wangu kwenye kalavati moja upande wa Muheza, tumebeba futi ya fundi seremala na fimbo. Maji yanaanguka sentimita 41. Tukamkuta mzee anakata majani ya ng'ombe, tukamwamkia, tukamuuliza habari za mikunga. Akasema zamani alikuwa anawatoa kule juu karibu na shamba lake la iliki, siku hizi akiwataka anashuka chini ya barabara, kwenye lile dimbwi. Mdogo wangu akaandika kwenye daftari: juu hakuna, chini wapo, 41. Yamebaki makalavati kumi na moja mpaka tufike mto wenyewe, na tunataka tuyamalize yote kabla vuli haijaanza.