Kituo cha kutokea cha Tor ni nini, na kinaendeshwaje kwenye seva ya kukodi

Ukifungua tovuti kupitia Tor, mtandao unaoficha ni nani anayefungua tovuti gani, data yako hupita kwenye seva tatu zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Ya kwanza inaijua anwani yako lakini haijui unakokwenda. Ya kati haijui lolote kati ya hayo. Ya mwisho ndiyo kituo cha kutokea: inaiona tovuti inayofunguliwa, haimjui anayeifungua. Tovuti nayo huona anwani ya IP ya kituo hicho tu, na kwa hiyo lawama zote za watumiaji wasiojulikana humwangukia aliyekodi seva. Ugumu wa kazi hii uko hapo, wala si kwenye programu.

Ndiyo maana kituo cha kutokea hakiwekwi nyumbani. Polisi wakifuatilia anwani ya IP, wanaweza kufika mlangoni kwako na kuondoka na kompyuta za familia nzima. Kodi seva ya kazi hiyo tu, isiyobeba barua pepe wala tovuti yako, maana anwani za Tor huzuiwa sehemu nyingi. Kabla ya kulipa, iulize kampuni kwa maandishi kama inaruhusu vituo vya kutokea. Zipo zinazokubali vituo vya kati pekee, na ukinyamaza zitaizima seva malalamiko yakianza kuingia.

RAM ya GB 1.5 inatosha kuanzia. Cha kupigia hesabu ni data: Mbit 10 kwa sekunde mfululizo ni takriban TB 3.2 kwa mwezi kwa kila upande, kwani kinachoingia ndicho kinachotoka. AccountingMax, mpangilio wa Tor unaoweka kikomo cha data, huangalia upande uliobeba data nyingi zaidi, hivyo kampuni inayojumlisha pande zote mbili ikikupa TB 1, andika GB 500, la sivyo bili itakushtua.

Kwenye torrc, faili la mipangilio ya Tor, mistari ya msingi ni hii:

ORPort 443
ExitRelay 1
ExitPolicy reject *:22
ReducedExitPolicy 1
ContactInfo (barua pepe unayoisoma kweli)

ReducedExitPolicy huacha wazi milango (port) ya huduma za kawaida na kufunga mingi inayotumiwa kugawana filamu za wizi, chanzo kikubwa cha malalamiko ya hakimiliki. Mlango wa 22 ni wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, na ukiachwa wazi huleta malalamiko ya kubahatisha nywila. Ndiyo sababu ya mstari wa tatu.

Weka rDNS (jina linaloonekana mtu akiichunguza anwani ya IP) yenye jina linalojieleza, kama tor-exit, na ukurasa mfupi wa wavuti kwenye anwani hiyohiyo unaosema seva ni ya nini. Sakinisha programu ya Unbound ili seva yenyewe itafute anwani za IP za majina ya tovuti, kazi iitwayo DNS. Ukitegemea DNS ya kampuni kubwa, unaikabidhi orodha ya kila tovuti inayofunguliwa kupitia kwako. Kwa tovuti isiyo na HTTPS, yaani isiyosimba data, wewe mwenyewe unaweza kusoma yaliyomo. Usisome, usihifadhi: kituo kinachobainika kuchezea data hupewa alama ya BadExit na hakitumiki tena kutokea.

Malalamiko yajibiwe siku hiyohiyo. ExoneraTor, huduma ya mtandaoni ya Tor Project, huthibitisha kwamba anwani fulani ilikuwa ya Tor tarehe fulani. Ambatisha jibu lake.

Siku za mwanzo kituo hupata kazi kidogo, kwa sababu kasi yake bado inapimwa. Ukihamia seva nyingine, beba folda ya /var/lib/tor/keys. Ukiiacha, kitahesabiwa kuwa kituo kipya na upimaji utaanza upya.