Simu yako kwenye Wi-Fi ya kazini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila programu ya Wi-Fi ya ofisini inapopata toleo jipya, watu hunijia na simu zao mkononi, nusu wanataka niwaunganishe, nusu wanaogopa. Hofu zao siwezi kuzibeza, maana simu ni mali yao. Ila nyingi zimeelekezwa pasipostahili.

Dhana: Nikiunganisha simu yangu, mwajiri ataona picha na meseji zangu.

Hapa mambo matatu huchanganywa. La kwanza ni kuungana na Wi-Fi. Mtandao unaona kifaa chako, muda uliokaa na mara nyingi majina ya tovuti unazofungua. Ulichosoma ndani ya tovuti hauoni, mradi tovuti inatumia HTTPS (njia inayoficha mawasiliano kati yako na tovuti), na picha zilizomo kwenye simu haziguswi. La pili ni cheti cha kifaa, faili ndogo inayochukua nafasi ya nenosiri. Kazi yake ni kuithibitishia seva, yaani kompyuta ya ofisi inayoruhusu watu kuingia mtandaoni, kwamba simu hii ni ya fulani, basi.

La tatu ni programu ya usimamizi, inayomwezesha mwajiri kuidhibiti simu, na hiyo ndiyo ya kuulizia. Hata huko mambo yamebadilika. Android inaweza kutenga wasifu wa kazi (sehemu ya programu na data za kazi) na vitu vyako, na tangu iOS 13 ya mwaka 2019 Apple ina usajili mahsusi wa vifaa binafsi: msimamizi hawezi kufuta simu nzima wala kuona programu ulizojiwekea.

Kuwa macho na jambo moja. Kwenye Android 11 na kuendelea, ukifungua sehemu ya kusakinisha vyeti utakuta cheti cha Wi-Fi kimetenganishwa na cheti cha CA, yaani cha mtoa vyeti ambaye simu itaviamini vyeti vyake vyote. Ukiambiwa usakinishe hicho cha CA ili tu upate Wi-Fi, simama uulize kwa nini, kwa sababu kinaweza kumpa mwenye mtandao njia ya kufungua mawasiliano ya kivinjari chako.

Dhana: Onyo la cheti ni usumbufu, kubali tu uendelee.

Hili linaniuma kuliko yote. Mtu yeyote anaweza kuwasha Wi-Fi yenye jina lile lile la ofisi yenu, na simu isiyokagua cheti cha seva, kinachothibitisha kwamba mtandao ni wa ofisi kweli, inaweza kumkabidhi siri za akaunti yako ya kazi. Ndiyo maana sasisho la Android 11 la Desemba 2020 liliondoa chaguo la kutothibitisha cheti. Mafundi wengine walilalamika, mimi nasema lilichelewa. Siku hizi mfumo wa kujisajili unakumalizia kazi hiyo: unaingia mara moja kwa akaunti ya kazi, simu inapokea cheti chake pamoja na jina la seva ya kuaminiwa, na huulizwi tena. Baada ya hapo, onyo likitokea, usikubali. Mwite fundi.

Dhana: Anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao) haibadiliki, kwa hiyo inatosha kumtambua mtu.

Zamani, sawa. Tangu Android 10 (2019) na iOS 14 (2020), simu kwa kawaida hujitungia anwani tofauti kwa kila mtandao. Itazame kwenye mipangilio ya Wi-Fi: herufi au tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, A au E, hiyo si ya kiwandani. Nimeshuhudia ofisi ikitunza orodha ndefu ya anwani zilizoruhusiwa, halafu mtu anaifuta simu na kuianza upya, anwani inabadilika, anakataliwa mlangoni. Cheti hakijali anwani.

Dhana: Nenosiri moja gumu linatosha ofisi nzima.

Mfanyakazi akiondoka, anaondoka nalo. Programu za sasa zinaweza kukipa kila kifaa nenosiri lake kwenye mtandao huo huo, ukafunga moja bila kuwasumbua wengine.

Dhana: WPA3 itazifungia nje simu za zamani.

WPA3, kiwango cha usalama wa Wi-Fi kilichofuata WPA2, kilikuja 2018 kikiwa na hali ya mpito inayopokea simu za WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Masafa ya GHz 6 ndiyo yasiyopokea WPA2 kabisa, lakini simu ya zamani haina redio ya masafa hayo. Itabaki kwenye GHz 2.4 au 5, palepale ilipokuwa jana.