Jarida la bure si jarida la ovyo

Nimechoka kusikia hili, wallahi nimechoka: ati utafiti unaosomeka bure kwenye intaneti ni wa ovyo, na jarida la maana ni lile linalofungwa mpaka ulipe dola. Nalisikia kwa wanafunzi, nalisikia kwa madaktari, na mwezi huu nimelikuta kwenye pendekezo la utafiti la binti mmoja wa hapa Mombasa anayetaka kujua kama meseji za simu zitasaidia wagonjwa wa kisukari wa Likoni wasipotee kliniki. Msimamizi wake kampigia mstari rejeo moja, pembeni kaandika "tafuta jarida la maana".

Hebu tuliangalie hilo rejeo, ila tuanze na kaka yake maarufu. Kila mtu wa afya ya kidijitali Kenya anataja lile jaribio la meseji za simu, WelTel, la 2010 kwenye The Lancet, jarida kubwa la tiba, wagonjwa 538 wa ARV, nusu yao wakitumiwa "Mambo?" kila wiki nao wanajibu "Sawa" au "Shida", na waliopata meseji asilimia 62 walikunywa dawa vizuri, wenzao 50. Kazi safi kabisa. Lakini wengi wanaoitaja wamesoma muhtasari tu, halafu wanaandika "meseji zinafanya kazi" kama vile swali ni moja. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, watu 700 wenye VVU Kibera, meseji za mtindo uleule, ila hapa waliuliza kitu kingine: je, mgonjwa atabaki kwenye huduma mwaka mzima? Tofauti haikuonekana. Kunywa dawa na kurudi kliniki si kitu kimoja jamani! Mtu anaweza kumeza dawa zake vizuri na kliniki asirudi kwa sababu kahamia Malindi au hana nauli ya matatu. Na swali la yule binti ni la kurudi kliniki, kwa hivyo hii ya Kibera ndiyo inayomhusu zaidi, na ndilo rejeo lililopigwa mstari, kwa sababu imo The Lancet Public Health ambalo ni jarida la wazi, yaani la kusomeka bure. Nyumba ileile inayotoa The Lancet!

Anayelipa ni mmoja, anayekagua ni mwingine. Jarida la kufungwa linalipiwa na msomaji au maktaba, la wazi mara nyingi na mwandishi au mfadhili wake, mengine hayatozi mtu. Kusema la wazi ni bovu ni kama kusema maji ya kisima cha msikiti ni machafu kwa kuwa hayauzwi.

Matapeli wapo, sikatai, wale wa imeili za kukuita profesa na kukuahidi pepa yako itatoka ndani ya siku tatu. Hapo ndipo watu wananitolea John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, 2013 kwenye jarida la Science, alitunga pepa ya uongo kuhusu saratani na majarida ya wazi 304 yakapelekewa, zaidi ya nusu yakaikubali. Sawa, lakini isomeni yote basi. Majarida ya kufungwa hayakupimwa hata moja, sasa unalinganisha na nini? Na PLOS ONE, ambalo ni la wazi, liliikagua likaikataa.

Na ukubwa wa jina si kinga. Juni 2020 The Lancet hilohilo likaiondoa karatasi iliyotegemea data za kampuni ya Surgisphere kuhusu hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa korona, iliyodai rekodi za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake kwa sababu ya karatasi hiyo. Wakaguzi wa nje walipotaka kuziona zile data, kampuni ikakataa kuzitoa. Sisi tunaoishi kwa data za kwenye mashine hili lituhusu kwanza, maana kusoma pdf bure ni hatua ndogo, kubwa ni mtu mwingine aweze kuzihesabu namba zako upya.

Hapo nami nina wasiwasi wangu. Ukifungua data ya kliniki ndogo ya mtaani, hata majina ukiyatoa, umri na jinsia na tarehe za kliniki zinaweza kutosha jirani kumjua mgonjwa, na sheria yetu ya data ya 2019 inataka tumlinde. Sijaona bado njia inayoniridhisha. Na ada nazo, baadhi ya majarida ya wazi yanataka maelfu ya dola kwa karatasi moja, msamaha upo lakini mara nyingi lazima uombe, kwa hivyo tumemfungulia msomaji mlango tukambana mwandishi wa huku kwetu, hilo ni kosa na nalisema waziwazi.

Lakini kabla hujampigia mwanafunzi mstari, angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida ya wazi yaliyohakikiwa, angalia kama jaribio lilisajiliwa kabla ya kuanza, kisha soma sehemu ya mbinu mwanzo hadi mwisho. Kwa jarida la wazi huna kisingizio cha kutoisoma.