Mkia wa mjusi unarudi, kidole cha fundi mbao je?

Nilialikwa kuzungumzia afya na wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya msingi huku Mufindi, mkoani Iringa. Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya kunawa mikono. Sijafika mbali, mjusi akadondoka kutoka kwenye kenchi, mvulana wa dawati la mbele akamkanyaga mkia. Mjusi akatimua mbio, mkia ukabaki sakafuni unajikunja na kujikunjua peke yake. Habari ya kunawa mikono ikaishia hapo. Watoto walinimwagia maswali mpaka kengele ikalia, na jioni wazazi wao wakaongeza ya kwao, maana kwetu huku msumeno wa mbao ni riziki ya nyumba nyingi. Nimeyakusanya hapa.

Mkia ule umekatikaje kirahisi hivyo, na utaota tena?

Utaota. Ndani ya mkia wa mjusi, pingili za mifupa zina sehemu dhaifu maalumu za kuachia. Akishikwa, misuli inabana, mkia unaachana na mwili, na mishipa ya damu inajifunga, ndiyo maana mliona damu kidogo sana. Kipande kinaendelea kurukaruka ili paka au ndege ahangaike nacho wakati mwenyewe anajificha.

Ila mkia mpya si ule wa zamani. Mtazameni vizuri mjusi aliyewahi kupoteza mkia: ule wa pili mara nyingi ni mfupi na rangi yake imepishana na ya mwili. Ndani yake hamna pingili, kuna mrija mmoja wa gegedu, kitu laini kama kile cha ncha ya sikio lako. Na mguu wa mjusi ukikatika haurudi.

Na kinyonga?

Kinyonga haachii mkia, na ukikatika hauoti. Hata wale wenye pembe tatu wa milima ya Poroto kule Mbeya, wanaotisha watu bure, mkia wao ni mmoja tu maisha yote. Tafadhali msiwapige mawe.

Mnyama gani anaweza kuliko wote?

Kuna mnyoo bapa wa maji baridi anayeitwa planaria, urefu wake hauzidi sana sentimita moja. Mwaka 1898 mwanasayansi wa Marekani, Thomas Hunt Morgan, alimkatakata na kukuta kwamba hata kipande cha sehemu 1 ya 279 ya mwili kiliweza kuwa mnyoo mzima. Kaa wa baharini akipoteza gando, jipya huanza dogo anapojivua gamba na kukua kila anapojivua tena. Viluwiluwi mnaowaona kwenye madimbwi hurudisha mkia, lakini wakishakuwa vyura wazima uwezo wa kurudisha mguu unakuwa umewaondoka.

Anayewashangaza madaktari zaidi ni salamanda wa Meksiko anayeitwa aksoloti. Huyu akikatwa mguu hurudisha mguu kamili: mfupa, misuli, mishipa ya fahamu, vidole, vyote mahali pake. Hakuna kovu.

Kwa nini sisi hatuwezi?

Mtu akikatika, mwili wake una haraka ya kuziba. Damu inaganda, nyuzi za kovu zinashonwa, mlango unafungwa. Ni haraka yenye faida, kwa sababu jeraha lililo wazi huingiza vijidudu na kumwaga damu. Kwa aksoloti ngozi inafunika jeraha upesi pia, lakini chini yake seli zinakusanyika na kufanya kichipukizi, mfano wa jicho la kiazi mviringo linapoanza kuchipua ghalani. Kutoka hapo mguu unajengwa upya.

Watafiti walipoziondoa kwa aksoloti zile chembe za damu zinazokula uchafu na vijidudu kwenye jeraha, mguu haukuota, likaja kovu kama letu. Hiyo ilitangazwa mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha kwamba panya wenye manyoya ya miiba hurudisha ngozi iliyobanduka pamoja na vinyweleo vyake. Panya ni jamaa ya karibu nasi kuliko salamanda, kwa hiyo jambo hilo limewapa watu matumaini ya kweli.

Basi kuna dawa ya kuotesha kidole?

Kwa binadamu, leo, hakuna. Mwaka 2022 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba waliwavalisha vyura wazima waliokatwa mguu kofia ndogo yenye dawa tano kwa saa 24 tu, na katika miezi 18 iliyofuata mguu ukakua, ukawa na mfupa na hata vidole visivyokamilika. Ni vyura. Anayekuuzia mafuta ya mjusi au unga wowote wa kuotesha kidole anakula hela yako.

Je, hakuna kabisa kitu kwetu kinachorudi?

Kipo, na kikubwa kuliko vyote ni ini. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumtolea ndugu yake zaidi ya nusu ya ini, na kilichobaki kikakua mpaka karibu na ukubwa wa mwanzo ndani ya wiki na miezi michache. Sehemu iliyokatwa haichipui upya mahali pake. Kilichobaki ndicho kinachotanuka na kubeba kazi yote.

Baba mmoja akaniambia, "Kumbe ini linajirudi, basi ulanzi hauna neno." Pombe hiyo ya mianzi ina neno baba yangu, tena kubwa. Ini hujirudi likiumizwa mara moja na kuachwa lipone. Likichapwa na pombe kila siku, au likikaa na virusi vya homa ya ini aina B miaka na miaka, linaanza kuponya kwa makovu. Kovu halichuji sumu. Likifika kuwa gumu, uwezo wake wa kujirudi unakuwa umefungiwa ndani ya makovu yale. Mahindi yaliyovunda nayo yana sumukuvu, sumu ya ukungu inayoharibu ini na kuleta saratani yake. Kuyapepeta na kuyasaga hakuiondoi yote. Chanjo ya homa ya ini B ipo ndani ya chanjo anazopata mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo akina mama msiruke tarehe kwenye kadi. Mtu mzima ambaye hakuipata aulize kituo cha afya kuhusu kupima na kuchanja.

Mwanangu alibanwa na mlango, ncha ya kidole ikakatika. Nikate tamaa?

Hapana mama. Hapa ndipo tunapokaribiana kidogo na mjusi. Mwaka 1974 daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliandika kuhusu watoto waliokatika ncha za vidole. Hawakushonwa, walifungwa bandeji tu, na ncha zikakua zenyewe zikiwa na umbo zuri. Siri iko kwenye mzizi wa kucha, kwa sababu seli za pale ndizo zinazoita nyama na mfupa vikue. Mzizi huo ukiwa umeenda na kipande, haiwezekani. Watoto hufaulu kuliko watu wazima.

Nimewahi kumfunga binti wa miaka mitano wa namna hiyo. Wiki ya kwanza ilikuwa nyama nyekundu inayong'aa, na mama yake alikuwa akigeuza uso kila nilipofungua bandeji. Wiki ya tatu pakaanza kuvimba kidogo kama punje ya njegere. Mwezi wa pili kucha ikatokeza, imepinda upande, lakini kidole kilikuwa kidole. Kilichosaidia ni bandeji safi yenye unyevunyevu iliyobadilishwa na mhudumu, pamoja na uvumilivu. Jivu, dawa ya meno, mafuta ya taa au kinyesi cha ng'ombe vingeweza kuua seli zile changa na hata kuleta pepopunda.

Na kidole kizima kikikatwa na msumeno?

Hicho hakioti, kwa mtoto wala kwa mkubwa. Lakini mara nyingine kinaweza kuungwa, na hapa ndipo tunapopoteza vidole vingi bila sababu.

Alikuja kijana wa mashine ya mbao, amesindikizwa na wenzake wawili kwenye bodaboda moja. Mkono wameufunga vizuri kabisa kwa fulana. Nikauliza kidole kiko wapi. Wakatazamana. Mmoja akatoa mfukoni chupa ya maji, kidole kinaelea ndani, kimekwisha kuwa cheupe na kulainika kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Walikuwa wamekitunza kwa upendo, ila hakuna aliyewahi kuwaambia namna.

Namna ni hii. Kwanza mwenye kidole: bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya kifua, usiachie wala kuchungulia kwa dakika 10 au 15. Usifunge mpira wala kamba kwenye shina la kidole. Kisha kidole: kisuuze mchanga na unga wa mbao kwa maji safi bila kukisugua, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ufunge. Mfuko huo ndio uuweke ndani ya maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole, itakiunguza. Maji nayo yasikiingie. Barafu utaipata kwa muuza samaki au dukani kwenye friji ya soda, na hata kama huku kwetu Mafinga ni baridi, hewa ya nje haitoshi.

Kidole kilichotunzwa hivyo huweza kuvumilia saa 12 na hata zaidi. Mkono mzima una misuli mingi, bila kupozwa hauvumilii kupita saa 6 hivi. Si kila hospitali ina daktari wa kuunga mishipa myembamba kama uzi, na kidole kilichosagwa mara nyingi hakiungiki. Waachie madaktari waamue, wewe kazi yako ni kukifikisha. Pigeni simu mapema mwulize mnapelekwa wapi, na sindano ya pepopunda msiisahau.

Masikio yakizibwa na kelele za mashine, yanarudi?

Kuku akiharibiwa seli za kusikia na kelele, zinaota nyingine na anasikia tena. Zetu zikifa zimekufa. Mlio unaobaki sikioni baada ya kazi ni onyo. Ukiwa kwenye dingdong, ile mashine ya kupasua mbao, na inabidi upaze sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hiyo tayari inakula masikio yako, na pamba haiizuii. Nunua viziba masikio vya povu au vile vya kufunika masikio yote, uvivae kabla mashine haijawashwa.